Nishani ya Ta Kaijage

Mke wangu hataki nisimulie kisa hiki. Anasema watu wakisikia wataacha kuniletea saa zao. Lakini kilinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa sijaonja hata tone la lubisi, pombe yetu ya ndizi.

Mimi ni fundi saa hapa Bukoba mjini. Tangu ujana nimekusanya nishani ambazo mataifa ya nje huwapa watu wasio raia wao. Usishangae, Kagera zipo. Mkunga au katekista anafanya kazi na wageni maisha yake yote, siku moja balozi anakuja kumvisha nishani kifuani, halafu inaishia sandukuni pamoja na vitenge. Nilikuwa nazo saba kwenye kopo la biskuti. Ya nane niliitamani kuliko zote: ya Ta Kaijage wa Kishanda, muuguzi aliyehudumia wakoma pamoja na masista wa Ulaya. Binti yake, Ma Koku, alinipigia simu niende tuzungumze. Hakusema kama mzee yu hai, wala mimi sikuuliza. Niliuliza tu kama utepe wa nishani bado upo.

Bodaboda aliniacha ukingoni mwa kibanja chao cha migomba, mvua imetoka kukatika. Barazani alikaa mzee mwenye koti zito, nishani kifuani.

"Wasibota, Ta," nikamsalimu.

Aliitikia kwa upole, akanisogezea mkeka. Aliona macho yangu yalipo, basi akaifungua, akanipa. Pini ikanichoma kidole. Mzee akacheka kidogo, akaichukua na kujichoma chake, kwa makusudi. Kisha akapasua tunda moja la kahawa, zikatoka mbegu mbili. Moja akaipaka damu yake, akanipa. Nyingine akaishika, akinisubiri niipake yangu.

Kwetu Wahaya huo ni omukago, udugu wa damu. Haufanywi ovyo. Kwanza mnaulizana koo, mnaita na mashahidi. Nilijua yote hayo, niamini. Lakini niliwaza kwamba nikikataa mzee atanuna na nishani nitaikosa. Nikaipaka mbegu yake damu yangu, nikameza ile aliyonipa.

"Sasa sikia," akasema. "Ndugu haondoki na cha nduguye. Anakilinda."

Akachukua nishani yake, akaingia ndani. Nikakaa pale nikijilaumu, maana nimeingia udugu na nishani nimekosa.

Baada ya muda Ma Koku akatokea shambani, akaniomba radhi kwa kuniacha peke yangu, akatoa ufunguo. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Sasa niambie wewe, yule mzee alipitia wapi?

Alileta koti lile lile kutoka sandukuni. Baba yao, alisema, aliwatoka mwaka juzi, na amelala pale nyuma kwenye migomba. Akatoa nishani mfukoni, akaninyooshea. Wanawe hawaijali, afadhali ikae kwa anayeijua. Pini ilikuwa na damu mbichi.

Bado niliitaka. Naona aibu kusema, lakini niliitaka. Nikarudisha mikono nyuma, nikamweleza yote. Alikitazama kidole changu.

"Ulimeza?"

"Nilimeza."

Ma Koku, mwanamke mwenye wajukuu, akapiga magoti mbele yangu. "Basi karibu ndani, Baba Mdogo."

Tangu siku hiyo nina watoto tisa Kishanda. Naitwa kwenye mahari zao na misiba yao, na kila kiangazi napalilia kaburi. Nishani imetundikwa ukutani kwao, mimi ndiye ninayeisugua. Zile za kopo narudisha moja moja kwa wenyewe. Zimebaki mbili, ambazo familia zao sijazipata, na kidole huniuma nikizitazama.

Nawe ukienda kutafuta mali ya mtu, uliza habari zake kabla ya kuuliza habari za mali. Na ukipewa mbegu moja kati ya pacha, uliza kwanza ukoo wa anayekupa. Uliza pia kaburi lake liko wapi.