Nililing'arisha gari la babu mpaka nyanya akalikataa

Wakuu, habari za weekend. Nianze na kosa: niling'oa kichwa cha gia cha gari la babu, kile unachoshika ukibadilisha gia, nikakitupa. Yaliyofuata nayaweka hapa vile yalivyotokea, hata pale ninapoonekana mjinga.

Gari ni saloon ya miaka ya sitini. Marehemu babu alilinunua akifanya kazi shamba la mkonge hapa Voi.

Mimi ufundi nimejifunza YouTube na kwa manual ya kuprint. Nikiona screw imepinda, silali.

Basi nikafuata manual. Rangi, viti, taa. Kichwa cha gia kilikuwa cha mti, nikaweka cheusi cha plastiki, kama cha kiwandani.

Nyanya alikuwa anatimiza miaka themanini, ibada ya shukrani iko Mghange, juu milimani. Nilitaka aende na gari lake.

Akakaa mbele. Akapeleka mkono kwenye gia, akaurudisha haraka.

"Hili si letu. Umeniletea la kuigiza."

Nikatoa sumaku. Replica nyingi body ni fiberglass, sumaku haishiki. Hapa ilinasa, tap! Nikamwonyesha namba ya chassis, sawa na ya logbook.

"Sumaku yako inamjua babu yako?" Akashuka. "Mimi nitapanda lori la kwaya."

Ndio akaniambia. Kichwa cha kiwandani kilipasuka kwa jua la Maungu, babu akachonga kingine. Kila wakipanda mlima, mkono wa nyanya ulikaa juu ya wa babu, hapo kwenye gia.

Nikakimbia kwa jirani, fundi Mwakio, ambaye huokota kila ninachotupa. Alikuwa amekifanya mpini wa tupa yake ya kunolea.

"Injinia wa YouTube! Nilijua utarudi."

"Mzee, nipe, lori linatoka!"

"Lakini hiki si original. Manual yako haitakasirika?"

Nikakifunga. Kinacheza kidogo, na wakuu, kunaniuma mpaka leo.

Nyanya akarudi kwenye kiti, akakishika. Akafunga mlango.

"Haya, endesha. Na usikimbize gari la watu."

Mlima wote mkono wake ulikuwa juu ya wangu.

Ukinunua gari la zamani, beba sumaku, kagua chassis. Lakini alama za mwenye gari haziko kwenye manual yoyote. Nyinyi mmeacha nini kibovu makusudi? Semeni hapo chini, na mkinicheka nimezoea.

Siku hizi namuuliza mwenye gari kwanza, ndio nashika spana.