Simu za Vita Kwenye Miti ya Manyatta

Mtambo wa simu za kujipigia ulipoletwa Embu, wasichana wa ubao wa simu waliambiwa asante na kila mmoja akapewa blanketi. Marcella alilipokea lake, akaligeuza pande zote mbili, akauliza kama kuna mtu aliyemsikia akilalamika baridi.

Miaka yote ile alikuwa ameketi mbele ya ubao akiunganisha wakubwa na wakubwa wenzao, daktari na mkewe, daktari na asiye mkewe, na hakuna neno lililowahi kumponyoka. Opareta ana masikio ya kazi na masikio ya nyumbani. Akimaliza zamu, yale ya kazi anayaacha kitini. Sasa kiti chenyewe kilikuwa kimechukuliwa na mashine kubwa kama kabati, isiyojua hata kumwambia mtu "subiri kidogo, mama."

Akarudi kwao Manyatta kuchuma chai kama kila mtu, na kama kila mtu akaingia kwenye foleni ya kungoja lori.

Lori la kiwanda lilikuwa moja kwa vituo vinne vya kupimia majani, na dereva wake, Runji, alikuwa na saa ambayo haikuuzwa dukani. Mara aje adhuhuri, mara aje giza likiingia. Na majani ya chai hayana adabu ya kungoja. Yakibanwa kapuni yanapata joto, yakipata joto yanageuka mekundu, na yakishageuka mekundu karani anayamwaga kando ya barabara mbele ya macho yako, jasho lako lote likawa chakula cha mbuzi wa wenyewe.

"Pengine limekwama kwenye matope," jirani yake Ciakuthii alisema jioni moja, kapu likiwa bado mgongoni.

"Limekwama kwenye mbavu za mbuzi," Marcella akajibu. "Hayo matope ya Runji yanachomwa na kutiwa chumvi."

Wanawake wakacheka, lakini majani yalimwagwa vilevile. Marcella alikwenda nyumbani akisema peke yake njiani kwamba nchi iliyofukuza mkoloni haiwezi kushindwa kujua lori liko wapi.

Hared alikuwa na duka la vyuma vikuukuu mjini Meru, nyuma ya msikiti. Alinunua vitu vya mnada wa jeshi: mabuti, madumu, mahema yaliyotoboka. Marcella alipotaja simu, alimwonyesha rundo la visanduku vya kijani vyenye mkono wa kuzungusha pembeni, vile ambavyo askari hubeba porini, na ubao mdogo wa kuunganishia uliovunjika nusu.

"Lakini mama, hizi ni simu za vita," Hared alimwonya.

"Na wewe huko kwetu unadhani ni wapi?"

Hared akacheka mpaka akamwongezea mabunda ya waya bila kuulizwa.

Ule ubao wa jeshi ulikuwa na vifuniko vidogo vya shaba. Mtu akizungusha mkono wa simu kule mbali, kifuniko chake kinadondoka huku, opareta anajua nani anaita. Viwili vilikuwa vizima. Vingine Marcella alivikata kwenye vifuniko vya mikebe ya rangi ya viatu. Akang'oa mlango wa kabati lake la vyombo, akautoboa matundu, akapanga humo vifuniko na nyaya zenye ncha za kuchomeka. Betri alikusanya zile zilizokwisha kwenye redio za watu, akazianika juani kama maharagwe hadi zikakumbuka kazi. Nguzo hakuhitaji, kwa sababu kila shamba la Manyatta lina mikima mpakani, na hiyo miti haina kazi nyingine ila kusimama wima. Alipita boma kwa boma kuomba ruhusa. Wanaume waliuliza kama waya utaleta radi. Wanawake waliuliza utafika lini.

Ulipofika, kila kituo kilikuwa na kisanduku kimoja cha kijani, na Marcella alikuwa na kiti tena. Siku ya kwanza tu kifuniko cha kituo cha juu kikadondoka.

"Lori limetoka hapa sasa hivi," sauti ikasema. "Limejaa nusu, na Runji anapiga mluzi."

Likakawia. Marcella akaunganisha kituo cha pili na cha tatu, wakaulizana, wakapiga hesabu ya kona moja baada ya nyingine, na Ciakuthii na wenzake wakaliendea moja kwa moja. Walimkuta Runji buchani, mbavu ikiwa mkononi. Hawakumtukana. Walisimama tu mlangoni na makapu yao, wakimtazama akitafuna. Inasemekana hiyo nyama ilimkwama kooni mpaka siku ya pili.

Tangu hapo lori likajifunza saa. Majani yakawa yanafika kiwandani yakiwa kijani, na visanduku vyote vinne havikupumzika: viliita mkunga, vilitangaza msiba, vilibeba na mengine ya kunong'ona. Marcella aliyasikia yote na hakuyasikia.

Kisha akaja mwenyekiti wa kamati ya wakulima, Naftaly Rwamba, mwenye koti la suti na viatu vya mpira. Aliutazama mlango wa kabati kama mtu anayetazama ng'ombe wa kununua.

"Mama Riungu, kazi nzuri. Ila unajua hii haina leseni."

"Hata mvua haina leseni, mwenyekiti, na unaivuna."

Akacheka kidogo, akavuta kiti karibu. "Mimi naweza kukutetea. Hata kamati inaweza kukutambua, ukawa opareta wetu rasmi. Shida yangu ni mabroka, hawa wanunuzi wa magendo. Kuna watu wanawauzia majani vichochoroni. Kwa sababu wewe unasikia, nitakuwa napita jioni tunazungumza. Basi. Ukikataa, kesho nakuja na watu wenye koleo, tunakata kila kitu."

Marcella alikuwa anajua. Alikuwa amemsikia Ciakuthii, kwa masikio yake ya kazi, akipanga na broka gunia moja ili mtoto wake atoke hospitali. Jina hilo likitajwa, Ciakuthii angefutwa ukulima kwa kalamu moja.

"Naftaly," alisema, akiacha kumwita mwenyekiti, "wakubwa wa Embu nzima walipita masikioni mwangu na hakuna aliyetoka na doa. Nianze kuchafuka kwa ajili yako?"

"Kesho," Naftaly akasema, akaondoka.

Marcella alikaa mbele ya ubao. Angeweza kukataa kesho na kesho kutwa, lakini alijua mahali pabovu pako wapi. Si waya. Ni kile kiti. Maadamu kuna mtu mmoja anayesikia wote, kutakuwa na mwingine anayemjia jioni kuvuta kiti karibu. Leo kitini yuko yeye, kesho watamweka mwenye shida kuliko yeye, na huyo atasema.

Akachukua bisibisi. Vifuniko vya mikebe ya viatu vilitoka rahisi. Vile viwili vya shaba vilimkatalia kidogo, naye akavisubiri. Akazisokota nyaya zote pamoja, zikawa waya mmoja. Kisha akapita vituoni na Ciakuthii, wakahamisha visanduku kutoka mabanda ya kupimia hadi jikoni mwa wakulima, na kile cha opareta kikabaki kwake.

"Kuanzia sasa hakuna wa kuunganisha," aliwaambia. "Ukizungusha, kote kunalia. Ukisema, wote wanasikia. Kwa hiyo Ciakuthii, usiseme humo kitu ambacho hutaki mke wa mwenyekiti akijue."

"Kwani Njoki naye anayo?"

"Njoki ndiye aliyenipokonya ya kituo cha chini. Anasema alichoka kuona majani yake yakimwagwa kama ya yatima na mumewe ni mwenyekiti, na harudi huko."

Kesho yake Naftaly alikuja na vijana wawili na koleo. Alikuta mlango wa kabati umerudi mahali pake, umejaa matundu, na nyuma yake sahani.

"Ubao uko wapi?"

"Nimeufuta kazi. Niliona hata blanketi sina la kuupa."

"Na opareta?"

"Hayupo. Sasa ukitaka kukata, kata. Waya umepita mashamba yote, na kila boma lina mwenyewe mlangoni. Anza popote."

Vijana walitazamana. Mmoja akarudisha koleo mfukoni, maana boma la kwanza lilikuwa la mama yake. Hapo kisanduku kikalia, Marcella akainua.

"Mwenyekiti bado yuko kwako?" Ilikuwa sauti ya Njoki. "Mwulize lori limepita wapi, majani yananyauka huku."

Marcella akamnyooshea Naftaly mkonga wa simu. "Zungumza mwenyewe. Wote wako hapo."

Naftaly akaushika. Kulikuwa na pumzi nyingi kwenye waya, za watu waliotulia kungoja. Alikuwa mtu wa kusema na sikio moja.

"Hamjambo," akasema hatimaye.

"Hatujambo," mwinuko mzima ukajibu. "Tunakusikiliza."

Marcella alichukua kapu lake akatoka kwenda kuchuma, akamwacha hapo ajieleze.