Wino wa Vitamini na Ndimu ya Bibi

Jumamosi nilikuwa uani kwa jirani yangu, bibi anayemlea mjukuu wa miaka miwili, walipoingia vijana wawili wa kampeni ya vitamini A. Mmoja alishika mkasi wa kukatia ncha ya kidonge cha mafuta. Mwenzake alikagua vidole vya mtoto, akitafuta wino wanaopakwa waliokwisha kunywa dozi, kisha akamuuliza bibi:

“Nkambo, kidole haina na wino. Mutoto hakunywa?”

“Alikunywa jana, ku soko! Wino nilisugua na ndimu, ikatoka. Kesho tunaenda ku misa, mutoto ataenda na kidole buchafu?”

Wakatazamana. Dozi mbili hazifai, na kumruka mtoto hakufai pia. Bibi akafungua pindo la kitenge, akatoa ganda jekundu la kidonge, limekamuliwa hadi tone la mwisho.

“Nilimuomba ule mama ya dawa wa ku soko anipe. Kitu inaingia mu kinywa ya mutoto, miye nachunga alama.”

Vijana wakacheka, wakafungua kalamu ya wino. Bibi akamsukuma mjukuu nyuma yake, akanyoosha kidole chake mwenyewe.

“Pakeni hapa.”

Wakampaka. Huwa nawakaripia sana wanaoosha wino ule, lakini ganda la bibi lilitosha kuwa ushahidi. Kesho yake kanisani bibi alitusalimia wote kwa mkono huo, na ndimu hakuigusa.