Gari Lililokataa Kuwaka Mchana

Modesta Luhaga ni fundi umeme wa magari pale Mkuyuni, Mwanza. Gereji yake ni paa la bati lililoegemezwa kwenye jiwe kubwa, meza moja ya mbao, na kibao kilichoandikwa kwa rangi nyeupe: UMEME WA GARI TU. Neno la mwisho aliliongeza alipochoka kuwaeleza watu kwamba yeye habadilishi breki. Ana miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Magu. Wateja wapya bado humuuliza fundi mwenyewe yuko wapi.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, alifika hapo mwalimu mstaafu aitwaye Severine Byabato, Mhaya anayeishi Kiseke, akiendesha gari dogo jeupe la zamani. Kwenye kiti cha mbele alikaa mkewe, Immaculata, muuguzi mstaafu aliyepata kiharusi miezi saba kabla. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelegea, na maneno yalimtoka moja moja. Mara mbili kwa wiki mumewe alimpeleka hospitali kwa mazoezi ya viungo.

Mwalimu alieleza shida yake kwa mpangilio, kama mtu aliyekwisha kuieleza mara nyingi. Asubuhi gari linawaka vizuri. Mchana, wakitoka mazoezini, akizungusha ufunguo taa za dashibodi zinawaka lakini stata, mota ya kuwashia injini, inakaa kimya kabisa. Jioni linawaka tena kana kwamba halikuwa na neno. Mafundi wawili walimwambia tatizo ni betri, akabadilisha betri. Wa tatu akasema ni stata, nayo ikabadilishwa. Wiki iliyopita walikwama nje ya lango la hospitali kwa saa tatu. Mkewe alibaki ndani ya gari juani, kwa sababu hakutaka kubebwa na watu asiowajua na kupakiwa kwenye bajaji. Tangu siku hiyo alikataa kurudi mazoezini. Leo alikubali kutoka nyumbani kwa sharti kwamba wanakwenda kwa fundi, si hospitali.

Modesta hakufungua hata boneti. Aliomba gari liachwe juani, vioo vikiwa vimefungwa. Mwalimu alimtazama kwa mashaka, naye akamweleza kwamba wenzake walilipima likiwa limepoa, wakati halina shida yoyote. Yeye alitaka kuliona likiwa linaumwa. Wakamsaidia mama kushuka, wakamkalisha kivulini kwa mama lishe wa jirani, wakala wali na samaki sato, wakangoja.

Ilipofika saa nane Modesta alizungusha ufunguo. Taa zikawaka, stata kimya. Alitabasamu peke yake.

Alianza mbele, kwenye stata. Akaunganisha taa ya kupimia kwenye waya mwembamba unaoiletea amri kutoka kwenye ufunguo, akamwomba mwalimu azungushe. Taa haikuwaka. Basi stata ilikuwa haina kosa, ilikuwa haiambiwi kitu. Akahamia chini ya usukani, akapima pale waya huo unapoanzia kwenye ufunguo. Hapo umeme ulikuwapo. Kwa hiyo ulikuwa unapotea katikati ya safari. Alilala chali sakafuni mwa gari, tochi mdomoni, akafuata waya ule kwa vidole hadi ulipoacha njia yake ya kiwandani na kuingia kwenye bonge la nyaya nyeusi zilizoongezwa baadaye. Zilikuwa nyaya za alamu. Alamu za magari huunganishwa na rilei, kiswichi kidogo kinachokata umeme wa stata ili mwizi asiwashe gari. Waya wa stata ulikuwa umekatwa, ukasokotwa na ule wa rilei, na kuzungushiwa selotepu tu. Gundi ilikuwa imeyeyuka kwa joto la miaka, shaba imeota ukijani. Kukiwa na baridi nyaya ziligusana. Kukiwa na joto ziliachana.

Angeweza kuinuka na jibu lake hapo hapo. Lakini alibaki amelala kwa dakika kadhaa, maana bonge lile lilikuwa limefungwa kwa uzi wa nyavu wa bluu, kwa fundo ambalo mjomba wake, mvuvi wa Igombe, alimfundisha akiwa mdogo. Hakuna fundi mwingine Mwanza aliyefunga nyaya hivyo. Alamu ile aliifunga yeye.

Ilikuwa miaka kumi nyuma, Mirongo, kwa fundi aliyeitwa Ngosha, mahali pake pa kwanza pa kazi. Mwaka ule wizi wa magari ulikuwa umewatia watu hofu, na foleni ya waliotaka alamu ilianza asubuhi. Ngosha alimfundisha kukata, kusokota, kuzungushia selotepu, kisha gari linalofuata. Kuchomea kiungo kwa risasi iliyoyeyushwa kulichukua muda, na Modesta, msichana pekee pale, alitaka sana aonekane mwepesi wa kazi. Alifunga hata alamu sita kwa siku, na alisifiwa.

Alitoka chini ya usukani akapangusa mikono. Baadaye alisimulia kwamba uongo ulikuwa tayari mdomoni, nao ulikuwa mfupi: alamu mbovu, tunaitoa. Hakuna ambaye angejua. Lakini alimtazama mama yule pale kwenye benchi, mkono mmoja ukiushika mwingine ili usianguke, akaenda kuchuchumaa mbele yake.

"Mama, waya uliowaacha juani niliufunga mimi. Nilikuwa najifunza kazi na niliufunga vibaya. Naomba mnisamehe."

Mwalimu alisimama. Alianza kusema juu ya betri, juu ya stata, juu ya zile saa tatu, na sauti yake ilipanda hadi mama lishe akaacha kuosha sahani. Mkewe ndiye aliyemgusa mkono akanyamaza. Kisha Immaculata akamtazama Modesta, akayatafuta maneno, akayapata.

"Na mengine?"

Modesta hakuelewa.

"Magari... mengine. Uliyofunga."

Hilo hakuwa amelifikiria hata kidogo.

Mchana ule aliitoa rilei, akaunganisha waya wa stata kama ulivyotoka kiwandani, safari hii kwa risasi, akauvika mpira wa kubana. Gari likiwa bado la moto, liliwaka mara ya kwanza. Aliliwasha mara kumi mfululizo, mwalimu akihesabu. Hakupokea malipo, na mwalimu hakuyalazimisha.

Siku iliyofuata alimtafuta Ngosha, ambaye siku hizi anafuga kuku Buhongwa. Ngosha alicheka kwanza, akamwambia yaliyopita aachane nayo. Alipoona Modesta haondoki, alianza kukumbuka: dereva huyu, daktari yule, gari la parokia fulani. Jioni Modesta alirekodi ujumbe wa sauti akautuma kwenye makundi ya madereva. Alisema kwamba mtu yeyote aliyefungiwa alamu Mirongo mwaka ule, akachungulia chini ya usukani akaona uzi wa bluu, alilete gari lake akaguliwe bure. Alitaja jina lake kamili.

Mafundi wa jirani walimwambia anajiharibia jina. Wiki ya kwanza hakuja mtu. Ya pili yalikuja magari matatu. Kwenye moja, waya ulikuwa umeunguza ganda lake na kuanza kulichoma zulia. Mwenye gari, mwanamke anayepeleka watoto shule kila asubuhi, aliliangalia doa lile jeusi muda mrefu, kisha akamshika Modesta mkono. Hadi sasa yamepita kumi na tisa. Wengi wa wenye magari hayo wamebaki kuwa wateja wake.

Immaculata alirudi mazoezini Jumanne iliyofuata baada ya gari kutengenezwa. Kufikia Krismasi alikuwa anatembea kwa fimbo kutoka kitandani hadi barazani, na mwezi wa pili alimpigia Modesta simu mwenyewe, bila msaada wa mumewe. Alizungumza polepole na Modesta hakumkatisha. Alimwambia kwamba binamu yake wa Sengerema ana pikapu inayozimika ovyo barabarani, na iliwahi kufungwa alamu mjini, hajui kwa nani.

"Mwambie aje nayo, mama," Modesta alijibu. "Na aje mchana."