Dalali wa bomba na ukuta wake mpya

Leo nimelipiza, na sijuti hata kidogo.

Mnamjua yule dalali aliyetia kufuli bomba letu hapa Bulembia, ati maji ni ya wapangaji wake tu. Mwezi mzima sisi wengine tunachota mtoni. Na magoti yangu haya.

Asubuhi kaleta mtu na mkewe wanunue ile nyumba ya mwisho, moja ya zile walizojengewa wachimba shaba zamani. Akanijia anacheka.

"Mukaka, wewe umekaa hapa tangu mgodi unafanya kazi. Waambie wageni mtaa wetu ulivyo."

Leo mimi ni mukaka, bibi yake. Siku ya kufuli aliniita kizee.

Nikawaambia. Shule iko karibu, kanisa liko, msikiti uko, na majirani ni watu wa kuzikana. Dalali anaitikia kwa kichwa, amefurahi kweli.

"Sasa njooni niwaonyeshe mto ulipofika siku ya mafuriko."

Nikashika kisu changu cha kumenyea matoke, nikakwangua rangi mpya ya ukuta wa ile nyumba. Mstari wa tope ukatokea ukutani, juu kupita kimo cha kifua changu.

Yule mama akamshika mumewe mkono.

"Mukaka, unaniua," dalali akaninong'oneza.

"Bado. Fungua bomba kwanza."

Wageni walienda zao. Saa sita kufuli ilikuwa imetoka.

Anadhani tumemalizana. Kesho analeta wanunuzi wengine, na mimi nitatandika mkeka mbele ya ule ukuta.

Nani anakuja tukae wote? Chai napika mimi. Maji sasa yapo.