Matabishi ya Skrubu Nne

Mume wangu Kabamba hawezi kuona kitu kimelegea akakiacha. Tulipohamia mtaa wa Koekelberg, huku ughaibuni, dirisha la jikoni lilikuwa likigongagonga kwa upepo, akalipiga misumari. Miaka minne nimekaanga samaki ndani ya moshi!

Anashona viatu katika barabara ya Chaussée de Wavre, na kama kwetu Lubumbashi, kila mteja anapata matabishi, kazi ndogo ya ziada ya bure. Baridi ya 1997, Nathalie, binti wa jirani zetu waliotoka Bukavu, alimletea viatu vyake vya mbio za barafuni, vile vyenye chuma kirefu chini, amshonee ngozi iliyochanika. Kabamba akaona visigino vinaachana na chuma. Maskini, vimevunjika! Akavikaza kwa skrubu, mbili kila kiatu. Matabishi.

Nathalie alipoviona, nusura alie.

"Tonton, mjomba, vilitengenezwa vile! Bawaba iko mbele. Ukisukuma, kisigino kinapanda, chuma kinabaki kwenye barafu, donc, basi, unasukuma mpaka mwisho. Sasa umenifunga miguu!"

Kabamba alizitoa skrubu. Akainua kisigino kimoja kwa kidole, akaachia: klap! Akarudia mara kumi, anacheka kama mutoto.

"Kumbe kulegea ndiyo kazi yake," akasema.

Jioni aliingia nyumbani na koleo mkononi. Hata kunisalimia hakunisalimia. Alienda moja kwa moja jikoni, akang'oa misumari yote ya dirisha, akalisukuma likafunguka.

"Bon, Thérèse," akasema, "kaanga samaki."