Mkono Mgongoni mwa Masikio

Shemeji yangu walimpa jina la Masikio, na hakuna aliyelipinga. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza watu wanaokuja kutazama ndege. Aliwapandisha kwenye msitu wa milimani, kisha akawateremsha hadi msitu wa bondeni, kule kwenye joto na ruba. Watu hudhani kazi ile ni ya macho. Macho huja mwisho. Msituni majani ni mengi na ndege mwenyewe hafiki urefu wa kidole, kwa hiyo lazima umsikie kwanza ndipo ujue pa kutazama. Masikio alikuwa akisimama ghafla, anainua mkono, wote wanaganda, halafu anasema, yule pale, nyuma ya shina lenye kuvu. Na kweli yuko pale.

Lakini ninayetaka kumsimulia ni dada yangu, mkewe, ambaye kampuni ilimjua kama mpishi na wageni hawakumjua kabisa. Mimi ni dereva wao, na nimezaliwa naye tumbo moja. Msinitegemee niwe hakimu wa haki.

Usikivu ulimtoka shemeji taratibu. Sauti nene aliendelea kuzisikia: lori, redio, mimi nikiitukana gia. Zile nyembamba ndizo zilizomtoroka. Dada aligundua hayo nyumbani. Jikoni kwao kuna meza moja, jiko la gesi, na birika linalopiga filimbi maji yakichemka. Alikuwa uani anaanua nguo, birika likalia mpaka jirani akachungulia, na shemeji amekaa palepale kando ya jiko anafuta vioo vya darubini, hana habari. Dada aliingia, akazima moto, akamtengea chai. Ukila na kipofu usimguse mkono.

Kiongozi wa ndege asiyesikia ndege, kibarua chake kimeshaota nyasi. Dada alilijua hilo, tena alijua kwamba mumewe bila ile sifa yake angebaki koti tupu. Akaenda kwa meneja. Akamwambia wageni wanachoka sana porini, wangefurahi kupata chai ya moto kulekule njiani, yeye yuko tayari kuibeba. Meneja akaona ni wazo la maana, akalitia hata kwenye matangazo yake.

Basi kuanzia hapo dada akawa anatembea nyuma ya mumewe, kikapu mkono mmoja, mkono wa pili mgongoni kwa mumewe. Akibonyeza bega la kulia, ndege yuko kulia. Akibonyeza la kushoto, yuko kushoto. Kidole kikipanda kwenye uti wa mgongo, tazama juu. Sauti za ndege wenyewe alikuwa amejifunza bila kukusudia, kwa kumsikia mumewe akiwaigiza nyumbani miaka yote ya ndoa, huku yeye akifua na kupiga pasi. Hawakukaa chini kupanga jambo hilo hata mara moja. Siku ya kwanza alipombonyeza bega, shemeji aligeuka akamtazama, kisha akatazama kulia, akamwona ndege, akawatangazia wageni. Yakaishia hapo.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wageni walizidi kumvika shemeji kilemba cha ukoka, naye akakifunga vizuri kichwani. Nilimsikia kwa masikio yangu akimlaumu dada kwamba anachelewa kubonyeza. Mimi ningemwachia kikapu chake njiani. Dada akasema atajitahidi.

Kisha akaugua homa, akakosa safari moja. Masikio aliwatembeza wageni msitu mzima wakatoka na picha za vipepeo. Malalamiko yakafika. Meneja akasema safari inayofuata ndiyo ya mwisho ya kumpima: mgeni anamtaka ndege mmoja tu, na akimkosa, Masikio ataenda kulinda ghala.

Mgeni mwenyewe alikuwa daktari wa meno mstaafu, mzee mpole mwenye magoti mabovu, amefuatana na mkewe. Alimtaka kindege cha kijani chenye koo jekundu, kinachoishi msitu wa bondeni tu, sauti yake nyembamba kama bawaba iliyokosa mafuta. Alikwisha kumkosa mara mbili. Magoti, alituambia, hayatamruhusu kurudi tena.

Milimani mambo yalikwenda vizuri. Ukungu ulikuwa mzito, lakini mkono wa dada ulifanya kazi na ndege walionekana. Jioni, mezani, mke wa daktari akauliza kwa nia njema kabisa kwa nini mama huyu humshika mumewe mgongoni njia nzima. Dada alikuwa anapakua supu. Akamwachia mumewe ajibu.

"Huyu? Anaogopa nyoka," shemeji akasema. "Nimekaa naye miaka yote hii na bado hawezi kumtofautisha njiwa na kuku. Labda wakishaingia kwenye sufuria."

Meza nzima ikacheka. Dada naye alicheka kidogo, akaendelea kupakua. Mimi nilisukuma bakuli kando, kwa hasira.

Kesho yake tuliteremka bondeni. Siku hiyo niliingia nao msituni kumbebea daktari kiti cha kukunja, la sivyo nisingekuwa na la kusimulia. Tulitembea kwenye matope, mke wa daktari akijibandua ruba kwenye soksi na kulalamika. Ndipo nikamsikia. Mimi, dereva, nikasikia bawaba ikikwaruza upande wa kushoto, karibu kabisa. Nikamtazama dada. Alikuwa ameinua kichwa. Halafu aliondoa mkono mgongoni kwa mumewe, akakishika kikapu kwa mikono yote miwili, akaendelea kutembea. Ndege akalia tena. Masikio alikuwa mbele akieleza kwamba mahali hapa ni pazuri sana, tutulie, tusikilize.

Nami nilikaa kimya. Niliona hayo ni ya kwao wawili.

Mchana tuliketi kula. Daktari alikuwa na kinasa sauti kidogo alichokifunga kwenye mkoba wake tangu asubuhi, ili akirudi nyumbani ausikilize msitu. Mkewe akakiwasha, akaongeza sauti. Zikasikika nyayo zetu, malalamiko yake ya ruba, na katikati yake yule ndege, wazi, akiita na kuita. Daktari aliacha kutafuna. Sote tukamgeukia Masikio. Yeye alikuwa ameshika mkate wake, anatueleza kwamba msimu huu ndege wale wamehama, ni bahati mbaya, mvua zimewavuruga. Ndege analia pale mbele yake, naye anasema amehama.

"Masikio," daktari akamwambia kwa upole, "humsikii?"

Shemeji alitupitia nyuso zetu mmojammoja, na kwa dada akakaa kitambo. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini sikumtakia afichuliwe mbele za watu na mkate mdomoni.

Tulirudi pale mahali, tukasubiri hadi magoti ya mzee yakakataa. Ndege hakulia tena. Meneja alipiga simu kuuliza matokeo kabla hatujafika barabara kuu, na maneno yake yalikuwa machache. Ghala.

Tuliwashusha wageni hotelini. Daktari alimshika shemeji mkono kwa muda mrefu, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza kuliko simu. Tukabaki watatu ndani ya gari, shemeji mbele na mimi, dada nyuma na kikapu chake. Tulikwenda hivyo mpaka taa za mji zikaanza kuonekana. Kisha shemeji akauliza, bila kugeuka, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiojisikia:

"Mke wangu, wewe ulimsikia?"

Dada alikuwa anatazama nje dirishani.

"Nilimsikia," akasema, polepole. "Mara zote."

Injini ilikuwa ikinguruma. Shemeji alisubiri, kisha akaniinamia.

"Amesemaje?"

Nikamwambia amesema hakusikia kitu.

Shemeji akatikisa kichwa kwa huruma. "Nilijua," akasema. "Na yeye maskini masikio yanaanza kumwisha."

Alisema kwa sauti kubwa, na dada alisikia kila neno.